Niliisaini barua ya kumlaumu mzee, sasa nimeteuliwa balozi wa mageuzi

Shikamoo mama,

Nina miaka 44 na huu ni mwaka wangu wa 19 benki. Nilianzia kaunta, sasa ni mkuu wa makeshia kwenye tawi moja mkoani Singida. Wateja wetu ni walimu, wastaafu, wakulima wa alizeti na watu wa minadani. Kazi yangu naipenda. Nakuandikia kwa sababu wiki mbili hizi silali, na nyumbani nimeanza kuwagombeza watoto bila kosa.

Mwaka jana makao makuu walituletea mfumo mpya. Tuliitwa hotelini, tukapewa fulana, tukaonyeshwa video, tukapiga makofi. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya saa tatu, na saa nzima ya hizo ilipotea projekta ikigoma kuwaka. Jumatatu yake tukaingia kaunta.

Kisha zikaja targeti. Kila keshia asajili wateja 40 kwa wiki kwenye aplikesheni ya benki. Saa kumi na moja jioni kanda wanatuma jedwali kwenye grupu la WhatsApp: matawi ya kijani juu, ya njano katikati, mekundu chini. Meneja wetu ni mtu mwema, lakini tangu jedwali hilo lianze amekonda. Tawi likiwa jekundu anapigiwa simu tukiwa tumekaa naye, na tunamsikia akijibu tu, "Ndiyo mkuu. Ndiyo mkuu. Kesho tutafika mkuu."

Sasa nikueleze hao 40 wanapatikanaje. Wateja wetu wengi wana vitochi. Mtu akija kuchukua pensheni tunamwomba simu yake "tuihuishe". Keshia anachomoa laini, anaiweka kwenye simujanja ya tawi, anafungua aplikesheni, anaweka namba ya siri, anaangalia salio mara moja, kisha anairudisha laini kwenye kitochi. Kwenye mfumo huyo anasomeka mteja hai. Sisi wenyewe tunaita kumpandisha mteja. Na ili tusichanganyikiwe, namba ya siri tunaweka tarakimu nne za mwisho za simu yake mwenyewe. Nilijua. Siku za presha nimefanya hivyo hata mimi.

Mwezi wa tatu alikuja mwalimu mstaafu, mzee wa heshima zake, anashika kofia mkononi akizungumza na wewe. Pensheni yake imepungua shilingi 380,000, zimetolewa kwa wakala mara tatu. Yeye hajui kama akaunti yake iko kwenye simu. Baadaye tuligundua mjukuu wake alikuwa akitumia kitochi hicho usiku: alibonyeza menyu ya benki, akajaribu tarakimu za mwisho, ikafunguka. Mzee aliandika malalamiko kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya wino. Jibu likaja kutoka makao makuu likiwa limeshachapwa: miamala ilifanywa kwa namba ya siri sahihi, mteja ana wajibu wa kulinda namba yake, benki haihusiki. Ilihitaji sahihi ya tawi. Meneja alikuwa safarini. Niliisaini mimi.

Tuna kijana wa TEHAMA. Yeye aliandika kwenye grupu la kanda, mbele ya wakubwa wote, kwamba wateja wengi tunaowasajili hawarudi kwenye aplikesheni hata mara moja baada ya siku ile ya kwanza, na akauliza tunapima nini. Keshokutwa yake alipewa barua ya kujieleza, kosa lake ni kuharibu taswira ya benki. Toka siku hiyo vikao vyetu vya asubuhi ni kimya kabisa. Meneja akiuliza "kuna changamoto?" tunajibu "hakuna".

Yupo pia Bi Mkubwa wetu wa hazina, amebakiza miaka minne astaafu. Ana kaunta buku lake jeusi, kila mfumo unapokwama anaandika humo kwa mkono. Kanda wanamtaja kama mfano wa watu wanaopinga mabadiliko. Lakini mtandao ukikatika, tawi zima linakimbilia kwenye lile daftari.

Wiki iliyopita nimepata barua: nimeteuliwa balozi wa mageuzi ya kidijitali wa kanda. Nitavishwa beji kwenye hafla na kutoa ushuhuda jinsi tawi letu lilivyofanikiwa. Meneja anasema nishukuru, ndiyo njia ya kupanda cheo. Mume wangu anasema ninyamaze, tuna watoto wawili chuoni. Mimi kila nikifumba macho namwona yule mzee na kofia yake.

Nifanye nini, mama?

Mkuu wa Makeshia, Singida

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye neno "niliisaini". Hukulazimika kuniambia hilo. Ungeweza kuandika kwamba barua ilitumwa, nisingejua ni ya nani. Naanzia hapo kwa sababu mtu aliyelisema hilo anaweza kulifanya na hili linalofuata.

Mimi niliingia ukarani wa benki mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za kadi za leja na vitabu vya akiba, mteja anapewa kibati chenye namba na kukaa kwenye benchi hadi aitwe. Nimeona mifumo ikija na kuondoka. Kwa hiyo niruhusu nikukumbushe kitu ambacho wewe unakijua kuliko hao waliokupa fulana.

Kumbuka wiki yako ya kwanza kaunta. Jioni unafunga hesabu, pungufu shilingi 5,000. Hakuna anayekwenda nyumbani. Mnahesabu tena, mnapekua vocha moja moja, mwishoni unaandika kwenye rejista ya pungufu na ziada, unasaini, mkuu wako anasaini. Hata ikiwa ni ziada unaandika, tena benki inaiogopa ziada iliyofichwa kuliko pungufu iliyosemwa. Hazina haifunguliwi na mtu mmoja. Funguo mbili, watu wawili. Hakuna anayekasirika kukaguliwa, maana kukaguliwa ndiko kunakomlinda. Huo ndio utamaduni wa kazi yetu. Uliwafanya watu wenye mshahara mdogo walinde mamilioni yasiyo yao kwa miaka na miaka.

Sasa imezaliwa hesabu mpya, idadi ya waliosajiliwa. Hii haina mwenye ufunguo wa pili. Hakuna anayeifunga jioni. Keshia anaitaja, meneja anaipeleka, kanda wanaipaka rangi. Keshia yuleyule asiyeweza kulala na shilingi 500 ya ziada kwenye droo yake, analala vizuri na wateja hai 40 wasiojua kama wamesajiliwa. Hajageuka mwizi. Hakuna aliyemwambia kwamba namba ile nayo imefungwa kwenye fedha ya mtu. Yule mzee ndiye pungufu yenu, mwanangu. Imelala kwenye vitabu tangu mwezi wa tatu na haijaandikwa kwenye rejista yoyote.

Na msijione ni ninyi tu. Marekani, benki ya Wells Fargo ilikuwa na kauli yake: bidhaa nane kwa kila kaya. Matawi yalisukumwa kila siku kufikia idadi. Septemba 2016 mamlaka za huko ziliitoza faini ya dola milioni 185, baada ya kugundulika kwamba wafanyakazi walifungua akaunti na kadi ambazo wateja hawakuziomba. Makadirio ya mwanzo tu yalipita akaunti na kadi milioni 2. Na sikiliza hili: walikuwa wakiwasajili watu pia kwenye huduma ya benki ya mtandaoni kwa kutumia anwani za barua pepe za kubuni. Soma tena ulivyonieleza habari ya laini na simujanja ya tawi. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa mambo hayo. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu mwezi uliofuata, na mwaka 2020 benki ilikubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza kesi za serikali kuhusu jambo hilohilo. Kwa hiyo meneja wako akikuambia kwamba hizi ni namba tu za kuifurahisha kanda, unalo la kumjibu.

Kuna kauli moja nataka uikatae popote utakapoisikia, kwamba wateja wetu ni wagumu kuelewa teknolojia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia kwetu mwaka 2008. Mama ntilie, mpiga debe, mkulima wa alizeti, wote walijifunza kutuma fedha kwa kitochi, bila hafla wala fulana. Walijifunza kwa sababu huduma iliwafaa siku ileile, wakala wa jirani aliwaelekeza kwa lugha yao, na namba ya siri waliiweka wenyewe. Yule mwalimu amefundisha maisha yake yote. Mngekaa naye robo saa angeijua ile menyu kuliko mjukuu wake. Robo saa hiyo haikuwepo kwa sababu kulikuwa na wengine 39 wa kupandishwa kabla ya Ijumaa.

Na foleni? Nenda siku ya pensheni uihesabu. Kama wateja wote mliowapandisha wangekuwa kweli wanatumia simu, ile foleni ingekuwa imepungua nusu. Ninyi jedwali ni la kijani na benchi limejaa hadi nje. Sijui kama kuna mtu wa makao makuu amewahi kuviweka hivyo viwili kwenye karatasi moja. Viweke wewe.

Nije kwenye kimya cha vikao, maana hapo ndipo naona hatari kubwa kuliko hata namba za siri. Uingereza kuna benki inaitwa TSB. Wikiendi ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018 iliwahamisha wateja wake milioni 5.2 kutoka mfumo wa zamani iliokuwa ikiukodi kwa benki ya Lloyds, kwenda mfumo mpya uliojengwa na kampuni dada chini ya mmiliki wake, Sabadell ya Uhispania. Taarifa zenyewe zilihama salama. Mfumo mpya wenyewe ndio ulioyumba: wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na ilichukua mpaka Desemba mwaka huo mambo kurudi sawa. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba. Mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wa TEHAMA akatozwa ya kwake binafsi, pauni 81,620, kwa kutohakikisha vya kutosha kwamba msambazaji wa mfumo yuko tayari.

Wanasheria walioitwa kuchunguza walikuta jambo ambalo kila mfanyakazi wa tawini analifahamu. Tarehe ya kwanza ya kuhama ilishindikana, ikapangwa nyingine, na bodi haikuuliza vya kutosha kwa nini tarehe mpya iaminike. Wakubwa kabisa, watu wa mishahara minono, nao walikaa kwenye kikao bila kuuliza swali lililotakiwa kuulizwa. Kijana wenu wa TEHAMA aliuliza "tunapima nini" bila kulipwa hata shilingi kwa swali hilo. Mkampa barua ya kujieleza.

Nasema mkampa, kwa sababu mlikaa kimya.

Benki ya DBS ya Singapore, ambayo jarida la Euromoney liliitaja mwaka 2016 kuwa benki bora ya kidijitali duniani, ilihangaika sana na jambo hili la vikao. Walianzisha utaratibu ambao kila kikao kina mwenye kikao na kina mtazamaji. Kazi ya mtazamaji ni kuangalia kama muda unaheshimiwa na kama kila mtu amepata nafasi ya kusema, na mwishoni anamweleza mwenye kikao, kwa uwazi, kilivyokwenda. Hata kama mwenye kikao ni bosi wake. Napenda jambo hili kwa sababu halihitaji kompyuta wala bajeti. Mnaweza kulianza Jumatatu asubuhi pale tawini kwenu, kabla ya mlango kufunguliwa.

Lakini nisikupambie. Hao DBS pia mifumo yao iliwaangukia mara kadhaa mwaka 2023, hadi mamlaka ya fedha ya Singapore ikawazuia kwa miezi 6 kufanya mabadiliko yasiyo ya lazima kwenye mifumo. Ninachokiheshimu ni kilichofuata: malipo ya ziada ya mkurugenzi mkuu kwa mwaka huo yalikatwa asilimia 30, na wakuu wenzake nao wakakatwa. Adhabu ilianzia juu. Kwenu mfumo mbovu umempata kijana wa TEHAMA na mzee mwenye kofia.

Sasa tufanye kazi.

Mwombe meneja nusu saa, asubuhi mapema, maana jioni jedwali linakuwa limeshamchosha. Usianze na WhatsApp. Usianze na kanda. Andika ukurasa mmoja kwa mkono wako, na uanze na nafsi yako: mimi nilifanya hivi, namba za siri tuliziweka hivi, barua ya mzee niliisaini nikijua. Ukianza na "mimi", meneja hatakuwa na sababu ya kufikiri umekuja kumchongea mtu. Usitaje keshia yeyote kwa jina. Kisha weka ombi moja linalotekelezeka: kila namba ya siri iliyowekwa na mfanyakazi ifutwe kwenye mfumo, na mteja akija awekewe upya kwa mkono wake mwenyewe, akiwa ameelezwa na amekubali. Mwambie mapema kwamba tawi litakuwa jekundu kwa wiki kadhaa. Asije akashtukia kwenye simu.

Mkumbushe pia kwamba hili si suala la huruma peke yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zipo kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Kumsajili mtu kwenye huduma asiyoijua kwa kuchomoa laini yake hakuwezi kutetewa mbele ya sheria hiyo wala kanuni hizo. Mwema kama ulivyomweleza, huenda meneja wako anasubiri tu mtu wa kulisema kwanza. Nimeona wengi wa hivyo. Mtu anabanwa juu na chini mpaka anasahau kwamba naye ana sauti.

Akikataa, au akikuambia usubiri hafla ipite, ipeleke karatasi yako kwa mkaguzi wa ndani. Ndiyo kazi yake. Bakia na nakala ya barua yako mwenyewe, lakini taarifa za wateja usizitoe nje ya benki, hata picha moja kwenye simu yako. Utakuwa umerudia kosa unalotaka kulirekebisha. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inawakinga wanaotoa taarifa kwa nia njema na kwa njia sahihi. Isome kabla, umwone na mwanasheria au chama chenu cha wafanyakazi. Sitakuambia kwamba huwezi kuumia. Unaweza kucheleweshewa cheo, unaweza kuhamishwa. Mume wako anaogopa jambo la kweli, na usimbishie kwa hasira. Kaa naye umwonyeshe upande wa pili wa hesabu: siku wakaguzi watakapofika wenyewe, na watafika, sahihi iliyoko kwenye ile barua ni ya mama wa watoto wake wawili. Kusema mapema ndiko kutakakowalinda hao walioko chuoni.

Kijana wa TEHAMA usimwache peke yake. Ndiyo, aliandika mbele ya kanda nzima, na mtu mzima angeanza chumbani. Lakini alichosema ni kweli, na wewe unao ushahidi wa kazi zako mwenyewe unaokubaliana naye. Akiandika maelezo yake, ambatanisha mistari mitano yenye jina lako na cheo chako. Hutaamini mistari hiyo mitano itakavyobadilisha vikao vya asubuhi. Watu wa tawini wanatazama nani anasimama na nani, kuliko wanavyosoma mabango ya ukutani.

Na Bi Mkubwa wa hazina! Hapa nimeumia, kwa sababu nilikuwa na kaunta buku kama lake. Wakati kompyuta ya kwanza ilipoletwa nilipokuwa nafanya kazi, ilifunikwa kitambaa chenye maua na ufunguo wa chumba ukakaa kwa meneja. Sisi wa leja tuliambiwa hatutaielewa. Tuliielewa siku tuliporuhusiwa kuigusa, na sisi ndio tuliogundua kwamba riba ya akaunti za akiba ilikuwa ikikokotolewa vibaya, kwa sababu tulikuwa tumezoea kuikokotoa kwa mkono. Kaa chini na Bi Mkubwa na kijana, watu watatu, na lile daftari katikati ya meza. Andikeni mfumo ulikwama siku gani, saa ngapi, kwenye muamala gani. Nadhani mtakuta unakwama siku za mishahara na siku za mnada, saa zilezile. Hiyo ndiyo ripoti ambayo waliojenga mfumo wanaihitaji na hakuna aliyewapa. Mtu anayesemwa kuwa anapinga mabadiliko ndiye pekee aliyeweka kumbukumbu za mabadiliko hayo. Mpelekee hilo meneja, na jina la Bi Mkubwa liwe juu ya ukurasa.

Kuhusu beji. Ningekuwa wewe, ningekubali, kwa sharti. Waandikie makao makuu kwamba unapokea uteuzi, na unaomba tawi lenu lipimwe kwa miezi mitatu kwa kipimo kimoja tofauti: mteja ahesabiwe pale tu atakapokuwa ametumia huduma mwenyewe, kwa mkono wake, siku 30 baada ya kusajiliwa. Idadi itashuka vibaya mwanzoni. Lakini kila atakayehesabiwa atakuwa ametoka kweli kwenye foleni, na hilo wakubwa watalielewa kwa sababu foleni inawagharimu fedha. Kama wakikataa na bado wanataka utoe ushuhuda wa mafanikio kwenye hafla, basi usiende. Waambie kwa adabu kwamba ushuhuda huo huwezi kuutoa. Huna haja ya kuongeza neno.

Ila yote hayo yasubiri siku mbili. Kabla ya karatasi ya meneja, kabla ya makao makuu, kuna yule mwalimu. Huna mamlaka ya kumrudishia fedha, lakini una mamlaka ya kuomba shauri lake lifunguliwe upya, ukieleza kwa maandishi namba ya siri iliwekwa na nani. Bila maelezo yako hana ushahidi wowote, atabaki mtu aliyezembea siri yake. Usimfiche pia kwamba asiporidhika na majibu ya benki anayo haki ya kupeleka malalamiko Benki Kuu. Mwambie habari ya mjukuu kwa upole, nyumbani kwake, bila mtu mwingine kuwepo. Aibu hiyo ni ya familia, ataijua mwenyewe namna ya kuimaliza.

Nenda kabla ya siku ya pensheni ijayo. Mwamkie, kaa kwenye kigoda utakachopewa, mwombe radhi kwa kinywa chako. Halafu akikubali, mkabidhi kitochi chake mwenyewe, mwelekeze pa kubonyeza, na akifika pa kuweka namba ya siri mpya, wewe geukia upande wa pili mpaka akuambie amemaliza.